Sura ya Tisa: Mji Uliotolewa Gabbati

Hasira za Kowsar hazikuwa na kelele, na hapo ndipo wengi walipopotea. Walimwona amenyamaza wakadhani yamekwisha. Waliomjua vizuri walijua kwamba akianza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa, heri mtu akatafute shughuli nyingine. Alhamisi hiyo, baada ya swala ya Alasiri, dukani kwa shangazi yake Saado pale Soko Mugdi, alikuwa amelikunja bunda moja la diraa mara tatu.

"Naa Kowsar," Saado alimwita kutoka kwenye kigoda chake, akijipepea kwa kipande cha katoni, "hiyo nguo imekukosea nini?"

"Hakuna kitu, eeddo."

"Hakuna kitu haina sura kama hiyo. Kesho wazee wa Liban wanakuja kukuposa, na wewe uko kama mtu ametoka matanga."

Kowsar alitazama njia. Alikuwa amemtumia Liban ujumbe wa maneno mawili tu, *Njoo dukani*, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutanguliza hata salamu.

Kisa chenyewe kilikuwa mji. Usicheke, msomaji. Ulikuwa mji wa simuni, katika ule mchezo wa mtandaoni ambao watu wa dunia nzima hujenga miji yao, wakaipandisha daraja moja baada ya jingine, na wenye pupa wakavamiana. Miaka mitatu nyuma, walipokuwa bado chuoni, Liban aliufungua mchezo huo kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu simu ya Kowsar wakati ule ilikuwa mulika mwizi, haibebi kitu. Kowsar akawa anachezea kwenye kompyuta ya maktaba. Walipewa kibanda kimoja, kisima kimoja na watu wanane. Liban alitaka askari siku hiyo hiyo. Kowsar akataka maji.

Alikipandisha kisima daraja la pili, akangoja. La tatu, akangoja. Alijenga ghala la nafaka kabla hajafikiria hata ukuta. Kila alfajiri, akishaswali, alikusanya mbao, mawe na ngano kabla maghala hayajafurika na ziada ikapotea bure. Hakutumia jiwe la mwisho hata siku moja. Siku zote aliacha akiba ya siku kumi, kama mtu anayejua kwamba mvua ni ahadi ya Mungu na si ya wingu. Ghala Kuu lilipofika daraja la kumi na tisa, kulipandisha hadi ishirini kulitaka siku kumi na moja, na Kowsar alizingoja zote bila kununua hata dakika ya njia ya mkato.

Liban alikuwa fundi wa visima. Kazi ilimpeleka Masalani, ikamrudisha, ikampeleka Ifo na Hagadera, mwezi ukaisha hajaugusa mchezo. Mji ukakua hivyo hivyo. Wakauita Barwaqo, yaani neema. Wachezaji wa Kairo na Manila waliokuwa katika muungano wao walimpa mwenye mji jina la Mzee, maana waliamini subira ile haiwezi kuwa ya mtu asiye na mvi. Liban alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mji ni wako," alimwambia Kowsar siku ile. "Jina tu ndilo langu."

Kowsar alilihifadhi neno hilo. Msichana akipenda huhifadhi mengi.

Sasa Jumanne neno la siri lilimkataa. Akajaribu tena, likamkataa tena. Akadhani ni mtandao. Leo mchana, kwa akaunti changa aliyojifungulia mwenyewe, aliingia kuutazama mji kama mgeni apitaye njiani, na jina Barwaqo hakulikuta. Palikuwa pameandikwa *Ngome ya Mustafe*. Maghala matatu kati ya manne yalikuwa yamebomolewa, na mahali pake pamesimamishwa kambi za askari.

Mustafe alikuwa kaka yake wa kuzaliwa, na tangu baba yao afariki ndiye aliyepokea wageni mlangoni.

Liban alifika akiwa na grisi ya pampu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa hajapita hata nyumbani kunawa. Alipotabasamu, pengo lile dogo la meno ya mbele likaonekana, moyo wa Kowsar ukaruka, na Kowsar akaukasirikia moyo nao.

"Assalamu alaykum, eeddo."

"Wa alaykumu salaam, Liban. Kaa. Lakini usikae karibu."

Liban alicheka kidogo, akaketi juu ya furushi la shuka. "Kowsar, ujumbe wako umenitisha."

"Barwaqo iko wapi?"

Tabasamu lilibaki mdomoni likikosa pa kwenda. "Nilitaka nikuambie kesho. Wazee wakishamaliza, nikae nikueleze vizuri..."

"Iko wapi, Liban?"

"Iko kwa Mustafe." Alijifuta mikono kwenye suruali, ikazidi kuchafuka. "Nimempa gabbati."

Katoni ya Saado ilisimama hewani. Gabbati ni zawadi ya posa, ile ambayo upande wa mwanamume huwapa wanaume wa upande wa msichana ili neno lifungwe. Hutolewa shuka, hutolewa mbuzi, mwenye uwezo hutoa ngamia. Mji wa simu Saado alikuwa hajausikia.

"Gabbati inatolewa na wazee," alisema. "Tena kesho."

"Najua, eeddo. Mustafe ndiye alinitangulia. Jumanne tulikuwa tunakunywa chai pale karibu na soko la mifugo, watu saba. Akasema, waryaa Liban, wazee wako wakija nitawafungulia mlango, lakini mimi kama mimi sitaki mbuzi na sitaki shuka. Nataka mji wako."

"Ukampa," alisema Kowsar.

"Shemeji akikuomba kitu kwa mdomo wake, mbele ya watu, unakataa vipi? Wewe mwenyewe unajua desturi yetu. Ningekataa, kesho mlango umefungwa." Liban aliinua macho, na macho yale yalikuwa ya mtu anayesubiri kusifiwa. "Nilitoa kitu cha thamani kuliko vyote nilivyo navyo, Kowsar. Kwa ajili yako."

"Ulivyo navyo wewe?"

Liban alivuta uzi uliochomoza kwenye furushi.

"Nakuuliza. Wewe ulipandisha ghala gani? Niambie moja. Niambie ulinzi wa ghala la tatu ulikuwa daraja la ngapi."

"Kowsar, mimi sisemi kwamba..."

"Mwaka jana, mfungo wa Ramadhani, ulinipigia kutoka Ifo ukaniambia ninunue vito vya mchezo tumalize haraka, watu wa Kairo wametupita. Nikakwambia ngoja. Ukasema mimi ni mwoga. Baada ya wiki mbili watu wa Kairo walikosa ngano, wakaja kuomba kwetu. Kwa nani walikuja kuomba? Kwa Mzee. Na Mzee alikuwa amekaa jikoni kwa mama anakaanga sambusa." Sauti yake haikupanda, ila maneno yalikuwa yakitoka yamenyooka kama sindano. "Mustafe akikuomba, maneno yalikuwa mawili tu. *Si wangu.* Hayo yalikushinda?"

Liban aliangalia viatu vyake.

"Yalikushinda kwa nini?"

"Wangenicheka."

"Nani?"

"Wale watu saba." Alisema polepole, kama anayejitoa mwiba. "Wote wanajua mimi ndiye Mzee wa Barwaqo. Sasa nianze pale kusema ni mji wa msichana..."

Hakumalizia, na hakukuwa na haja. Mpaka dakika ile Kowsar alikuwa amedhani ni ujinga. Ujinga husameheka, mwanamume aliyebanwa na shemeji hutoa hata kanzu ya mwilini. Kumbe palikuwa na jambo lililo chini ya jambo. Kwa miaka mitatu Liban alipongezwa kila kibanda cha chai kutoka hapa mpaka Hagadera, akapokea pongezi kwa mikono miwili, na jina la Kowsar halikutajwa hata mara moja.

"Hukuwaambia," alisema. "Hata mmoja."

"Hawakuuliza."

"Walikusifu. Mtu akisifiwa kwa kazi ya mwenzake, anangoja aulizwe?"

"Nilikuwa najivunia, Kowsar. Wallahi. Nikiwasikia wanausifu mji, mimi moyoni nilikuwa nakusikia wewe ukisifiwa."

Lo, maneno matamu yalikuja kwa wakati mbaya. Wiki iliyopita yangemlaza macho usiku kucha akiyarudia. Leo yalimkata maini. "Moyoni," alisema. "Mimi nikae moyoni, wewe ukae kwenye chai. Sasa hebu nielewe vizuri hii posa yangu. Kaka yangu amepewa jasho langu ili anipe ruhusa ya kuolewa na wewe. Si ndiyo? Basi mimi ndiye niliyekuposa wewe, Liban. Nimetoa gabbati yako, tena bila kuambiwa."

Saado alikohoa kuficha kicheko, kisha akaona uso wa mtoto wa kaka yake na kicheko kikafa chenyewe.

Kabla Liban hajapata la kujibu, kivuli kilijaa mlangoni. Alikuwa Mustafe, jasho kipajini, simu mkononi, wala hakumsalimia mtu.

"Liban, nimekutafuta mji mzima. Hii kitu yako iko na shida gani? Watu inalia njaa, alama nyekundu kila mahali. Juzi nilikuwa na ngano kibao, saa hii ni sifuri. Askari mia sita wametoroka, manze."

"Uliweka askari wangapi?" Liban aliuliza.

"Elfu nne. Nilibomoa hizo ghala, zilikuwa zinakula nafasi ya bure."

Ghala la pili peke yake lilimchukua Kowsar miezi mitano. Askari wanakula, mtoto mdogo anajua hivyo. Kila mia moja wanamaliza shamba zima kwa siku, na mashamba yale alikuwa ameyapima yatoshe raia na akiba, si jeshi la mtu mwenye pupa.

"Sasa nifanye nini?" Mustafe alisisitiza. "Sema basi."

Liban hakujua. Na kwa mazoea ya miaka mitatu shingo yake iligeuka yenyewe, akamtazama Kowsar.

Mustafe aliyafuata macho yale mpaka yalipofika. "Mbona unaangalia huyu?"

Ilikuwa rahisi kudanganya. Angeweza kusema anamwangalia mchumba wake, kuna kosa gani? Kowsar alimwona akiipima njia hiyo, akamwona pia akiiacha.

"Mji huo sikuujenga mimi," Liban alisema. "Aliyeujenga ni Kowsar. Kila kitu. Mimi nilitoa jina tu."

Mustafe alicheka. Alicheka peke yake, akatazama huku na huku, akaacha. "Huyu? Huyu wetu?"

"Huyo. Mzee ndiye huyo."

Kwa muda Mustafe alisimama akimwangalia dada yake kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wa nyumbani anasoma gazeti. Halafu shida yake ikamshinda mshangao. Alimnyooshea simu. "Haya, sawa, abaayo. Tengeneza basi hii kitu kidogo, kabla askari yote iishe."

Kowsar aliitazama ile simu. Alama nyekundu zilikuwa zikiwakawaka juu ya nyumba alizozijua moja moja. Dawa yake aliijua pia: wapunguze askari nusu, warudishe watu mashambani, omba ngano Manila kabla ya Magharibi. Vidole vilimwasha. Akaviweka nyuma ya mgongo.

"Nirudishie," alisema.

"Gabbati hairudi, Kowsar. Mpaka posa ivunjike."

"Na ikivunjika, inarudi kwa nani?"

Mustafe alimgeukia Saado, na Saado akajibu bila kupenda, kwa sababu desturi ni desturi. "Kwa aliyetoa. Kwa Liban."

"Kwa hiyo nikikubali, mji ni wa Mustafe. Nikikataa, mji ni wa Liban." Kowsar aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. "Aliyeujenga yuko wapi hapo?"

Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni wa punda, akipiga kelele apishwe.

"Basi kesho siposwi," alisema Kowsar.

"Una wazimu?" Mustafe aliruka. "Wazee wametoka Wajir asubuhi. Wako njiani."

"Watakunywa chai Modogashe, warudi. Chai ya huko ni nzuri."

Uso wa Liban ulikuwa umeparara. Kwa mwaka mzima alikuwa akimbembeleza ami yake aikubali ndoa hii. Kwao walitaka aoe Wajir, karibu na nyumbani, msichana ambaye mama yake wanamjua. Safari moja tu ndiyo waliyomkubalia, na hilo Kowsar alilijua. Alijua pia kwamba Liban akiwarudisha wazee wale njiani, huenda wasitoke tena. Akangoja aone atakachochagua.

Liban alitoa simu yake, akampigia ami yake, akaweka spika wote wasikie, bila kuambiwa.

"Adeer Sugow," alisema. "Mko wapi?"

"Tumekaribia Modogashe," ilijibu sauti ya mzee katikati ya ngurumo ya gari. "Kuna nini?"

"Adeer, nimekosea. Kuna mali ya Kowsar ilikuwa kwangu. Nimeitoa gabbati bila kumwuliza."

"Mali gani? Mifugo?"

Liban alimeza mate. "Mji. Wa simu."

"Waryaa," alisema mzee, "hapa niko na wazee wanne, na mgongo wangu umevunjika. Umenipigia kwa sababu ya mji wa simu?"

"Ni kazi yake ya miaka mitatu, adeer. Ilikuwa amana. Jina langu, jasho lake."

"Amana," alisema Sugow, na sasa sauti ilikuwa nyingine. "Ngamia wa amana utakunywa maziwa yake. Humtoi kwa mtu. Hilo hukufundishwa?"

"Nilifundishwa."

"Basi kwa nini?"

Mustafe alikuwa pale. Saado alikuwa pale. Wanawake wawili wateja walikuwa wamesimama mlangoni wakijifanya wanachagua shela. Liban akasema, "Niliona haya kusema ni kazi ya mwanamke."

Mzee alitamka neno moja la Kisomali ambalo lilimfanya Saado aombe msamaha kwa niaba yake. Kisha akauliza, "Mwenyewe yuko hapo?"

"Anakusikia."

"Binti, huyu amekudhulumu, na sisi hatuingii nyumba ya watu kuposa na dhuluma haijalipwa. Kwanza haal yako, ndipo posa. Taja."

Haal ni fidia ya aliyevunjiwa heshima, na hutajwa na aliyekosewa, si na mtu mwingine. Mustafe hata hivyo alijaribu. "Adeer, mimi ndiye kaka yake, nitasema..."

"Wewe ndiye uliyechukua? Wewe rudisha mali ya mtu."

"Asirudishe," alisema Kowsar. "Ameshabomoa maghala yangu, adeer. Abaki nayo alishe jeshi lake."

"Dhahabu," Saado alimnong'oneza. "Sema dhahabu, mjinga wewe."

Kowsar alimtazama Liban. Alikuwa amesimama sasa, mikono imening'inia, grisi imekauka, na kwenye macho yake hakukuwa tena na mtu anayesubiri sifa. Alimpenda. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Nataka mji," alisema. "Liban aufungue leo, kwa jina langu. Aanze na kibanda kimoja na watu wanane. Aujenge yeye, kwa mkono wake, asinunue hata tofali moja. Kila atakayemuuliza ni wa nani, aseme ni wa Kowsar, na wale watu saba awaambie bila kuulizwa. Ukifika daraja la kumi, wazee waje."

"Hiyo ni miezi minane," Liban alisema.

"Kwangu ilikuwa minane. Kwa mtu wa pupa kama wewe ni kumi."

"Miezi kumi?" sauti ya Sugow ilidakia. "Binti, sisi ni wazee. Mmoja wetu ana sukari."

"Nisamehe, adeer," Kowsar alijibu kwa adabu, na hakupunguza hata siku moja.

Hakuna aliyejua uzito wa hesabu ile kuliko yeye. Rafiki zake wote wawili walikuwa wameolewa mwaka huu. Miezi kumi ya kumwona Liban kwa mbali, ya kusikia kwao Liban huko Wajir wameleta jina la msichana mwingine, ya majirani kuuliza ile posa iliishia wapi. Adhabu aliyomkatia Liban, nusu yake alikuwa amejikatia mwenyewe.

Liban alisogea hatua moja, na kwa mara ya kwanza Saado hakumkemea. "Na ukichoka kunisubiri, Kowsar?"

Kowsar alimtazama usoni. Machozi yalikuwa yamefika ukingoni, lakini sauti haikutetemeka.

"Kati yetu sisi wawili, Liban, ni nani asiyejua kusubiri?"

Liban aliinamisha kichwa. Na kwenye simu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata, walimsikia adeer Sugow akimwambia dereva ageuze gari.